Mshenga Asiyerudi na Jawabu: Hotuba za Waanzilishi wa Kampuni, Zisikilizwapo Kibaha na Kisarawe

Mhakiki wa fasihi amezoea kupewa shairi, hadithi au mchezo wa kuigiza ili aupime. Lakini fasihi ya watu haikomei vitabuni. Popote mtu asimamapo mbele ya wenzake akapanga maneno kwa makusudi ya kuwageuza nia, pana fani. Na penye fani hapana budi mhakiki afike. Fani ninayotaka kuitazama katika makala haya ni hotuba ya mwanzilishi wa kampuni changa ya teknolojia, aitoayo mkutanoni mbele ya watu wenye mitaji, pamoja na hotuba ya mwekezaji ambayo aghalabu huifuata. Vijana wa vyuo vyetu huisikiliza fani hii kwa makini, huihifadhi na kuiiga. Yafaa basi nasi tuisikilize, si kwa kuishangilia wala kwa kuibeza, bali kwa kuuliza swali ambalo kila mhakiki wa maneno ya jukwaani hupaswa kuanza nalo: Je, msemaji huyu asema na nani?

Asili ya fani hii ni Marekani. Mwaka 2005 Paul Graham na wenzake walianzisha Y Combinator, kampuni iwapayo waanzilishi fedha kidogo na mafunzo ya miezi michache, kisha ikawasimamisha mbele ya wawekezaji, kila mmoja kwa dakika chache tu. Mwaka huo huo walianza pia kufanya mikutano ambamo waliokwisha fanikiwa waliwasimulia vijana jinsi walivyofanikiwa. Afrika ya Mashariki haikukawia kuipokea desturi hiyo. Nairobi ilipata iHub mwaka 2010; Dar es Salaam ilipata Buni mwaka 2011, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2019 NALA, kampuni ya Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipokewa na Y Combinator yenyewe, na kwa vijana wengi jambo hilo likawa ushahidi kwamba lango li wazi. Tangu hapo mikutano ya namna hii imekuwa mingi, na hotuba zake nyingi hurekodiwa, hata mtu aliye mbali na ukumbi huweza kuzisikiliza kwa simu yake.

Mimi nimechagua kuzisikiliza kutoka Kibaha na Kisarawe. Miji hii miwili ya Mkoa wa Pwani iko jirani kabisa na kumbi za Dar es Salaam: Kibaha iko kiasi cha kilomita 40 katika barabara ya Morogoro, na Kisarawe iko nyuma tu ya vilima vya Pugu. Ni karibu kiasi kwamba mtu aweza kwenda mkutanoni asubuhi na kurudi jioni. Walakini ni mbali kiasi cha kutosha kuwa "kijijini" kila msemaji anapohitaji kijiji cha kutolea mfano. Mkulima wa mihogo wa Maneromango, mchoma mkaa wa Mzenga, mchuuzi wa Maili Moja, kijana wa bodaboda wa Mlandizi: hao ndio wahusika wakuu wa hotuba hizi. Hutajwa, huhesabiwa, huhurumiwa. Kiti ukumbini ndicho wasichokuwa nacho.

Tuanze na muundo, kwa kuwa ndio unaoonekana kwanza. Muundo wa hotuba ya mwanzilishi ni thabiti kama muundo wa utenzi. Utenzi wa kale hufunguliwa kwa kumtaja Mungu. Hotuba hii hufunguliwa kwa kutaja tatizo, na mara nyingi tatizo hilo huvikwa mwili wa mtu mmoja, mama fulani au mkulima fulani, ambaye huamka alfajiri akahangaika mpaka usiku. Kisha huja dawa, ambayo kwa kawaida ni programu ya simu. Kisha hutajwa ukubwa wa soko. Kisha ushahidi kwamba watu wameanza kuitumia dawa hiyo. Kisha sifa za waanzilishi. Na mwisho kabisa ombi la fedha, tena kwa tarakimu.

Fani hii ina fadhila zake, na mhakiki mwadilifu hana budi kuzitaja kabla ya kasoro. Ni fupi, katika nchi ambayo mgeni rasmi huweza kusema muda wa saa nzima kabla ya kulifikia jambo lililomleta. Huthubutu kutaja tarakimu, na tarakimu yaweza kukaguliwa. Zaidi ya hayo, humruhusu kijana asiye na mzazi mwenye jina asimame mbele ya watu wazima wenye mali na kupimwa kwa akili yake. Haya si mambo madogo. Mwalimu wa hotuba ambaye angeyapata yote matatu kwa mwanafunzi wake angefurahi.

Kasoro yake haiko katika muundo. Iko katika sarufi. Nawaomba wanafunzi wa lugha wavisikilize vitenzi. Mwanzilishi hujitwalia vitenzi vya kutenda na vya kutendesha: tunawezesha, tunaunganisha, tunafikisha, tunajumuisha. Mkulima naye huachiwa vya kutendwa: huwezeshwa, huunganishwa, hufikiwa, hujumuishwa. Akipata kitenzi kisichokuwa cha kutendwa, basi ni kuteseka, au kuhangaika, au kukosa. Hali mtu ye yote aliyewahi kununua mihogo sokoni ajua kwamba muuzaji ndiye mwenye vitenzi vyote. Yeye hukataa bei, hungoja mnunuzi wa pili, hukopesha, hudai, humpa mteja wake nyongeza na humnyima mpita njia. Mtu huyo mwenye hila, hesabu na heshima yake hamjui ukumbini. Aliyepo pale ni kivuli chake, na kivuli hakikatai bei.

Tarakimu nazo, ambazo nimezisifu, zina hila yao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Msemaji akisimama akasema kwamba soko lake ni watu zaidi ya milioni 60, hasemi uongo. Lakini ametoka kwa mama mmoja mwenye jina, akaruka hadi kwa mamilioni wasio na majina, bila kupita katikati. Na katikati ndiko waliko watu: kijiji, ukoo, chama cha ushirika, msikiti, kikundi cha kuwekeana akiba. Riwaya ambayo ingekuwa na mhusika mmoja na umati wa watu, pasipo jirani wala shangazi, tungesema mwandishi wake haijui nchi aiandikayo. Haifai tuisamehe hotuba kwa sababu tu inaomba fedha.

Hapa desturi zetu zatupa kipimo. Katika ndoa za pwani, yupo mshenga. Mshenga husema maneno yasiyokuwa yake, kwa watu wasiokuwa wake, kwa ajili ya jambo ambalo faida yake si yake peke yake. Hupamba maneno, husifu, huomba, na hakuna anayemlaumu kwa kupamba, maana ndiyo kazi yake. Lakini mshenga ana sharti moja lisilovunjika: hana budi kurudi. Apelekaye posa hurudi na jawabu, na jawabu likiwa zito halipunguzi. Mwanzilishi asimamaye jukwaani naye ni mshenga. Huwaambia wenye mali, "Nimetoka kwa watu fulani, wana shida fulani, nipeni." Akipewa, habari zake huenda magazetini. Lakini ni nani aliyemtuma? Na je, hurudi kwa wale aliowasemea akawaambia, "Nimeomba kwa jina lenu, nimepewa kiasi hiki, kwa masharti haya"? Katika hotuba nilizozisikiliza, safari hiyo ya kurudi haimo. Hapo ndipo penye kasoro ya fani nzima.

Msomaji aweza kusema kwamba natafuta makosa ya adabu katika jambo la biashara. Kisarawe yatosha kumjibu. Nchi hiyo ya Wazaramo haikuanza jana kusikia ahadi za wenye mitaji. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliwaamuru watu wa sehemu hizi walime mashamba ya pamba ya pamoja, na mpango wenyewe, kwa maneno, ulikuwa na sura ya ubia: mapato yagawanywe mafungu matatu, moja la wakulima, moja la majumbe, na moja la chombo cha kuuzia pamba. Kwa tarakimu mpango huo ulipendeza. Kwa waliolima, fungu lililofika mkononi lilikuwa dogo hata wengine wakaona ni dhihaka kulipokea. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 viliifikia Uzaramo pia, na wanahistoria wameihesabu pamba hiyo miongoni mwa sababu zake.

Miaka mia moja baadaye ilikuja ahadi nyingine. Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, iliomba ardhi Kisarawe ili ipande mbono kaburi na kukamua mafuta ya kuendeshea magari. Kufikia mwaka 2009 ilikuwa imepata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji zaidi ya 10, Mhaga na Mtamba vikiwamo. Wanavijiji waliwaeleza waandishi na watafiti waliowafikia kwamba waliahidiwa kazi, shule, zahanati, barabara na visima, na kwamba nyingi ya ahadi hizo zilikuwa za mdomo. Kwa wawekezaji hotuba ilikuwa nyingine, tena ya kuvutia mno: mafuta yasiyochafua hewa, ardhi isiyotumika, ajira kwa maskini. Mwaka 2011 fedha zikaisha. Kampuni ikafilisika, mamia ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, na mali yake ikauzwa kwa mwekezaji mwingine. Ardhi haikurudi kwa wenyewe siku ile fedha zilipoondoka.

Litazameni neno moja katika hotuba ile: ardhi "isiyotumika". Hilo ni neno la mtu asiyeuliza. Pori la Kisarawe hutoa kuni, dawa, asali, mkaa, majani ya kuezekea na njia ya kwenda majini. Kulifanya pori hilo kuwa ardhi isiyotumika ilitosha kulinyima vitenzi, kama vile mkulima anavyonyimwa jukwaani. Kosa la sarufi likageuka kuwa mipaka ya shamba.

Yawezekana mtu akasema kwamba mambo ya ardhi ni mengine na mambo ya simu ni mengine, kwa kuwa programu haichukui shamba la mtu. Ni kweli kwamba haichukui shamba; huchukua mazoea, na mazoea nayo ni mali. Copia ya Kenya ilijengwa kwa nia ya kuwauzia bidhaa watu wa vijijini na wenye kipato kidogo, kwa njia ya mawakala waliokuwa wenye maduka papo hapo mitaani kwao. Ilipata mitaji mikubwa. Mtaji mwingine ulipokosekana, mwezi wa Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na shughuli zake zikaanza kukatwa. Mwenye duka aliyezoeza wateja wake kuagiza kwa njia hiyo alibaki na wateja wake na maelezo yake. Katika mikutano, habari za namna hii husimuliwa kuwa somo juu ya matumizi ya mtaji. Mwenye duka hasimulii.

Na hapa niseme neno juu ya desturi ambayo imeanza kusifiwa, nayo ni mwanzilishi kukiri kushindwa mbele ya watu. Mwanzoni desturi hiyo yapendeza, kwa maana watu wetu wa jukwaani hawakuzoea kukiri. Lakini ukisikiliza kwa makini utaona kwamba toba hii ina kiti chake maalum katika muundo: huja kabla ya ombi jipya, na hutolewa kwa wawekezaji. Mtu husema, "Tulishindwa, tukajifunza, sasa tumekuwa hodari zaidi." Kuungama kwa mtu asiyekukosea si kuungama kamili. Aliyepotezewa msimu, au akiba, au imani ya majirani, ndiye aliyestahili kuambiwa kwanza; yeye tena ndiye ambaye angeweza kusema kama toba hiyo imekubaliwa.

Sasa tuvuke kutoka Kisarawe kwenda Kibaha, tukalitazame neno jingine linalopendwa na wawekezaji, yaani kuondoka. Mwekezaji mwerevu huuliza tangu siku ya kwanza ataondokaje, maana yake atauza fungu lake kwa nani, na kwa faida gani. Hakuna aibu katika swali hilo. Kila mwenye mtaji huuliza. Lakini Kibaha yatukumbusha kwamba kuna kuondoka kwa namna mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa mkataba na serikali ya Tanganyika, nchi za Ulaya ya kaskazini, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilianzisha pale Tumbi kituo kikubwa cha elimu, tiba na kilimo, kwa makusudi yaliyotajwa waziwazi ya kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Shule ya sekondari ilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1970 wageni walikikabidhi kituo kwa serikali ya Tanzania, nacho kipo hadi leo kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha.

Sitaki kukifanya kituo hicho kuwa pepo. Kilikuwa na wageni wengi, na fedha zake zilitoka mbali, na mpango wake ulikubaliwa na serikali kabla ya kufika kwa mkulima wa Tumbi. Lakini kama hadithi, kina kitu ambacho hotuba za leo hazina: kina mpokeaji. Tangu mwanzo palikuwa na upande wa pili wa mkataba, wenye jina, wenye mikono ya kupokea funguo. Katika hotuba ya mwekezaji wa leo, aondokapo huuziana na mwekezaji mwingine. Walioitwa maskini katika ukurasa wa kwanza hawapo katika ukurasa wa mwisho. Mwalimu wa fasihi angesema kwamba mhusika mkuu amepotea katikati ya kisa, na mwandishi hakutambua.

Je, fani hii yaweza kutengenezwa? Naamini yaweza, na ushahidi upo katika jambo ambalo kila mtu wa Kibaha na Kisarawe hulitumia. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, iliwekwa kwa ajili ya watu waliokopa fedha kwenye taasisi ya mikopo midogo, wapate kulipa madeni yao kwa simu. Watu wale hawakuridhika na kitenzi kimoja walichopewa. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, kulipana gharama za biashara, na kuzihifadhi safarini. Waanzilishi wangeweza kuwaambia kwamba wanakosea. Badala yake waliwasikiliza, wakaacha shabaha ya kwanza, na mwezi wa Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa watu wote ikawa ni ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikavuka mpaka ikaingia Tanzania. Mabadiliko hayo yalitoka kwa watu ambao katika lugha ya jukwaani wangeitwa "wafikiwa". Walijibu, na jibu lao likawa bora kuliko hotuba iliyowatangulia.

Fasihi yetu nayo imekwisha pata kuonyesha njia. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliikuza ngonjera, shairi ambalo ndani yake mtu husema na mwenziwe humjibu. Nguvu ya ngonjera si katika beti za wa kwanza, wala za wa pili. Iko katika kulazimika kwa msemaji kusimama akisubiri. Hotuba ya mwanzilishi ni ngonjera iliyokatwa nusu. Ukumbini maswali huulizwa, ni kweli, lakini muulizaji ni mwenye mtaji, naye huuliza habari za mtaji. Ubeti wa mkulima haujaandikwa.

Wala hatuhitaji kubuni mahali pa kuuandikia. Kila kijiji cha Tanzania kina mkutano mkuu, ambamo kila mtu mzima mkazi wa kijiji ana haki ya kuingia na kusema, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano huo sauti katika mambo ya ardhi ya kijiji. Mwanzilishi aombaye fedha kwa jina la wakulima wa Kisarawe na aitoe hotuba ile ile, tarakimu zile zile, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kimojawapo cha Kisarawe. Nasema ile ile, maana hapo ndipo mtihani ulipo. Atalazimika kuitoa kwa Kiswahili, na katika kuitafsiri atagundua maneno ambayo hayakuwa na maana hata kwa Kiingereza. Atalazimika kumtaja mama yule wa ukurasa wa kwanza mbele ya mama mwenyewe au jirani yake. Na atakapofika kwenye ukubwa wa soko, mzee mmoja atanyosha mkono na kumwuliza kama yeye naye amehesabiwa, na ni nani aliyemhesabu.

Hotuba itakayopita mtihani huo haitapoteza ufupi wake, wala tarakimu zake, wala ujasiri wake. Itapoteza vitenzi vyake vya kutendwa, na hasara hiyo ni faida. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa. Wazikusanye hotuba hizi kama wazee wetu walivyokusanya tenzi, waziandike, wavihesabu vitenzi, waonyeshe ni nani ametenda na ni nani ametendwa. Kijana wa Kibaha anayejiandaa leo kupanda jukwaani ataiga mfano atakaoukuta. Ahadi ni deni, nasi wenye kazi ya kupima maneno tunawajibika kumwonyesha, kabla hajaitamka, ni nani anayemdai.